Binti wa Ng'ambo ya Ukuta

Muziki wa piano mimi siujui, na sitajifanya naujua. Ninachojua ni kwamba binti wa ng'ambo ya ukuta wetu alitufaa wakati ambao hata ndugu wa damu walikuwa wamechoka kutupigia simu, na nitamshukuru mpaka naingia kaburini.

Mume wangu ni fundi cherehani. Watu wote humwita Fundi, hata mimi, isipokuwa nikiwa nimekasirika. Mwaka huo alipata kiharusi, mkono wake wa kulia ukapooza. Miguu ilirudi, maneno yakarudi mengi kuliko yalivyoondoka, lakini mkono ukabaki unaning'inia tu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia bila kuzunguka: miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Kidole gumba kisipojifunza sasa kukutana na cha shahada, asitegemee kushika sindano tena. Akatuachia zoezi la kuokota vifungo vya shati kwenye sahani moja na kuvitia kwenye nyingine.

Fundi alijaribu siku mbili, akagoma.

"Mimi nimeshona suti za maharusi," akaniambia. "Leo nicheze na vifungo kama mtoto wa chekechea?"

Akageuza kiti, akawa anautazama ukuta. Nilijaribu kubembeleza, nikajaribu kugombeza, na kugombeza ndiko ninakokuweza zaidi. Haikusaidia. Nikaona nampoteza mtu wangu huku nampikia.

Nyumba ya pili, tunayochangia nayo ukuta, alikaa daktari wa meno, mama mmoja mpole asiye na makuu. Wiki hiyo akamkaribisha binti wa kaka yake aje kufanyia mazoezi kwenye piano iliyokuwa sebuleni kwake ikikusanya vumbi. Tulisikia kwa majirani kwamba binti huyo ana kipaji cha ajabu, kwamba amechaguliwa kupiga peke yake kwenye ukumbi mkubwa wa mjini. Basi nikakaa mkao wa kusikia muziki. Nilichosikia ni sauti nzito za chini, mkono wa kushoto peke yake, kipande kifupi kile kile, kinaanza, kinakosewa, kinaanza tena. Asubuhi nzima.

"Huyu ndiye mwenye kipaji?" nikauliza.

Fundi aliinua kidole kuninyamazisha.

"Anafumua," akasema. "Sikiliza. Amekosea pale kwenye kona, anafumua, anashona upya. Huyo ni fundi, mama."

Akageuza kiti kurudi mezani, akaniomba sahani.

Tangu siku hiyo, piano ikianza na sahani zinawekwa mezani. Binti akirudia, Fundi anajaribu kuokota. Kifungo kikimponyoka, anangoja binti aanze upya, naye anaanza. Na mimi, kwa kuwa Mungu hakuninyima sauti, nikawa msimamizi.

"Rudia," namwambia. "Polepole, nani anakufukuza? Usiache hapo, malizia. Hiyo ilikuwa ya uvivu, tena."

Nilisema kwa nguvu, maana Fundi akiamua kutokusikia ungedhani kiharusi kilimpiga masikioni. Wakati mwingine hata piano ilinyamaza nikifoka, kisha ikaendelea taratibu zaidi, na Fundi akaenda nayo taratibu, nami nikaridhika.

Vifungo havikukubali. Alivikokota mpaka ukingo wa sahani, vikadondoka. Lakini alivikokota kila siku, akawa anakula vizuri, anatania, ananyoa ndevu bila kusukumwa. Hayo peke yake niliyashukuru. Moyoni, hata hivyo, nilikuwa nimeshaanza kuifunika cherehani.

Siku ya onyesho ilipokaribia, daktari wa meno akabisha hodi akiwa na tiketi mbili.

"Ni za binti," akasema. "Amesisitiza lazima mje."

Tulishangaa, kwa sababu hatukuwahi hata kuonana naye uso kwa uso.

Alipotokea jukwaani nilidhani ni mtu wa kupanga viti. Mwembamba, viatu bapa, gauni lisilo na urembo. Akafuta viganja kwa leso, akasogeza kiti, akakisogeza tena, akakaa kimya mpaka watu wakamaliza kukohoa. Akaanza kupiga.

"Siyo hii," Fundi akaninong'oneza. "Wamebadilisha."

Hata mimi nilidhani hivyo. Kisha chini kabisa tukausikia mkono wetu wa kushoto, na kona zake zote. Juu yake mkono wa kulia ulikuwa unasema mambo ambayo ukuta ulitunyima, mepesi, ya furaha, halafu ya huzuni kabla hujajiandaa. Tulikuwa tumekaa miezi na bitana ya ndani tukidhani ndiyo koti. Ilipofika ile kona iliyomsumbua, Fundi alizuia pumzi. Binti akapita kana kwamba hapajawahi kuwa na mshono pale. Nililia, na sikujificha. Kwamba mtu wa umri ule anaweza kukaa peke yake na kosa moja, siku baada ya siku, mpaka ligeuke kuwa kitu kizuri namna ile, ni jambo la kumpigia magoti Muumba.

Baadaye daktari wa meno alitupeleka kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa. Binti akatuamkia.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Hongera sana."

Aliposikia sauti yangu akanikumbatia.

"Ni wewe," akasema. "Mama, mwalimu wangu alihamia mbali mwaka huu, nikabaki peke yangu. Nilikuwa nakimbia tu, nafika mwisho, najiambia nimeweza. Ndipo ukaanza kunifundisha kupitia ukutani. Rudia, polepole, usiache hapo. Na kila uliposema ni uvivu, kweli nilikuwa nimefanya uvivu. Bila wewe nisingefika leo."

Mimi si mtu wa kukalia ukweli. Nilikuwa namgombeza mzee na vifungo vyake, ningewezaje kubeba sifa hizi?

"Mwanangu," nikaanza, "mimi nilikuwa..."

Nikafinywa. Kiunoni, pale penye nyama, kule kufinya kwa kumnyamazisha mtu mbele ya wageni. Nikageuka nimtolee macho Fundi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika fimbo. Ulionifinya ni wa kulia, gumba na cha shahada vimebana gauni na nyama kwa pamoja, na mwenyewe wala hakuwa amejua. Alikuwa anamtabasamia binti.

"Ulikuwa nini, mama?" binti akauliza.

"Nilikuwa nakusikiliza," nikamjibu. "Asante, mwanangu."

Kiuno kiliniuma mpaka tunafika nyumbani, na njia nzima niliomba kisipoe.