Kuanguka kwa Heshima

Shemeji yangu ni mwenyekiti wa kila jambo lililowahi kuitishiwa kikao. Mwenyekiti wa mazishi, mwenyekiti wa harusi, mwenyekiti wa kamati ya mtaro wa mtaani ambao mpaka leo ukinyesha unafurika. Kwa hiyo mume wangu aliposema anaanzisha shule ya judo ya bure kwa watoto wa mtaa, nilijua mwenyekiti tayari tunaye. Ila sikujua kwamba mwenyekiti mwenyewe angetaka mkanda mweusi.

Niwaambie kwanza mume wangu ni nani, maana yeye hajisemi. Mchana anaziba pancha pale kona. Zamani alikuwa askari wa magereza, na huko ndiko alikofundishwa judo mpaka akapata mkanda mweusi wa jasho. Ni mpole, tena mpole wa kuudhi. Mbele ya kaka yake, huyo mwenyekiti, hana ulimi kabisa. Kaka yake akisema jua ni la kijani, yeye atalitazama weee, kisha aseme, "Ndiyo, Kaka, leo lina ukijani kidogo."

Jumba tulilipata kwa Bibi, mjane aliyeachiwa na marehemu mumewe kinu cha unga kilichokufa. Mashine zilishauzwa, zikabaki kuta, bati na vumbi jeupe kwenye kila upenyo. Bibi alimpa mume wangu ufunguo mbele yangu.

"Kodi sitaki," alisema. "Nataka watoto wafundishwe. Mwisho wa mwaka nitakuja kuona kwa macho yangu. Nikikuta wamefundishwa kweli, mtakaa humu mpaka mchoke. Nikikuta maigizo, nampa muuza saruji, maana kila wiki yuko mlangoni kwangu ananisumbua."

Bibi si mtu wa kurudia maneno. Mume wangu aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuutia mfukoni. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yetu, na hilo nilimwambia.

Basi tukaanza. Akakusanya magodoro yaliyochoka, akayapanga sakafuni, akayafunika kwa turubai na kulikaza barabara. Mimi ni fundi cherehani, nikawashonea watoto majaketi kwa magunia ya unga yaliyobaki kinuni, kitambaa mara mbili ili wakivutana yasichanike. Maandishi ya magunia hayakutoka hata kwa kuchemshwa. Nusu ya shule ikawa inatembea na "Daraja la Kwanza" mgongoni, na binti yetu Kijiti, ambaye jina hilo amepewa na wembamba wake, akaangukiwa na "Weka Mahali Pakavu". Tukaandikishwa kama shule isiyo ya faida, na katika hilo hatukumdanganya mtu.

Mume wangu ana masharti mawili. La kwanza, hakuna kumwangusha mwenzako kabla hujajua kuanguka wewe mwenyewe: kidevu kifuani, mkono upige turubai, ubiringike, uinuke. La pili, ukimwangusha mtu usimwachie. Unashikilia mkono wa jaketi lake mpaka afike chini salama, kichwa kisigonge. "Uliyemwangusha ni mgeni wako," huwaambia.

Shemeji alikuja kukagua kama viti vya kamati vimepangwa. Akakuta watoto wanaanguka. Akatikisa kichwa.

"Sasa hii ni shule ya kuanguka? Nani atatuheshimu?"

"Ndiyo, Kaka," akasema mume wangu.

Shemeji akavua koti, akapanda kwenye turubai na viatu vyake, mama yangu, turubai nililolisugua kwa mikono hii! Akamshika mtoto wa jirani kola akamvuta. Mtoto yule kwao amefundishwa kwamba mkubwa habishiwi, na kwetu amefundishwa kwamba kuanguka hakuumi. Akayaunganisha masomo yote mawili, akajibwaga chini, pu!

"Lo! Mwenyekiti ana kipaji!" akapiga kelele Katibu, mtu ambaye sijui kazi yake nyingine zaidi ya kumvisha shemeji kilemba cha ukoka.

Ndipo wazimu ulipoanza. Kila jioni shemeji anapanda, watoto wanapanga foleni, akimgusa huyu anaanguka, akimgusa yule anaanguka. Wengine walianguka kabla hajawafikia. Mmoja alianguka shemeji alipokohoa. Na yeye akaamini! Mtu mzima, mwenye wajukuu, akaamini kwamba mikono yake ina nguvu za ajabu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wa kwetu alileta pipa zima. Akanijia na bitana ya suti yake kuukuu, nimshonee mkanda mweusi.

"Mkanda wa heshima, shemeji," akasema. "Unaoendana na cheo."

Nikaushona. Nilipokata uzi niliomba dua ambayo sitaitaja hapa.

Nikamfuata mume wangu pale kona. "Mwambie kaka yako aache."

"Ni kaka yangu."

"Na Bibi akija?"

"Bibi ataona watoto."

"Bibi ataona ndugu yako anavyopeperusha watoto kwa kidole! Atatutoa, hujui?"

Akainamisha kichwa kwenye karai la maji, akawa anatafuta tundu kwenye mpira. Tundu alilipata, jibu hakunipa. Nilirudi nyumbani nimevimba kama andazi.

Siku ya Bibi ikafika. Kamati ilikuwa imepanga kwamba Mwenyekiti ndiye atakayefunga maonyesho kwa kuwaangusha wanafunzi watatu, wa mwisho akiwa Kijiti. Asubuhi hiyo namkazia kifungo, akaniuliza.

"Mama, baba mkubwa kasema akinigusa tu nianguke. Nikianguka, Bibi si atajua ni uongo?"

"Bibi si kipofu."

"Na nisipoanguka, nitakuwa nimekosa adabu?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, tena lilikuwa na pilipili. Lakini mtoto alikuwa anamtazama baba yake, aliyeinama anafunga kamba za viatu.

"Juu ya turubai," akasema polepole, "mtu anaanguka akiangushwa."

Katika ndoa yetu yote hilo ndilo neno kali kuliko yote aliyowahi kutamka, na alikiambia kiatu.

Bibi alikuja na mkongojo wake, akakaa mbele kabisa. Katibu akasoma historia ya shule, ambamo mume wangu alitajwa mara moja, miongoni mwa "wahudumu wengine". Watoto wakaonyesha kazi yao: wakabiringika, wakaangushana, wakashikiliana mikono ya majaketi. Kisha shemeji akapanda, amevaa jaketi la judo, mkanda umembana tumbo, kitambi kimegawanyika ghorofa mbili.

Mtoto wa kwanza alianguka shemeji angali anatafuta mahali pa kumshika. Wa pili alivutwa kulia, akaanguka kushoto. Bibi akanigeukia.

"Huyu anafundisha au anaigiza?"

Nilimtafuta mume wangu kwa macho, nikamwona amesimama ukutani, ameushika ule ufunguo, anausugua kwa kidole gumba, ametazama chini. Nilishaanza kuona mifuko ya saruji imepangwa mpaka juu.

Akaitwa Kijiti. Akainama, akasogea. Shemeji akamshika kola, akamgusa kwa madaha. Mtoto kasimama. Akamvuta. Mtoto kasimama.

"Anguka," shemeji akanong'ona kwa meno. Lakini jumba la bati halina siri, mnong'ono ulifika mpaka mlangoni.

"Sijaangushwa, baba mkubwa," Kijiti akajibu, kwa adabu zote.

Jasho likamtoka shemeji. Akakusanya hasira zake, akamvuta kwa nguvu za mwili mzima. Mtoto akafanya kile alichofundishwa tangu mwanzo wa mwaka: mtu akikuvuta usibishane naye, mfuate. Akaingia chini ya kwapa lake, akageuza kiuno, na miguu ya mwenyekiti, ambayo siku zote tumezoea kuiona chini ya meza, ikaelekea kwenye bati. Puu! Vumbi la unga likatoka kwenye magodoro. Na Kijiti, mikono yake miwili bado imeng'ang'ania mkono wa jaketi la baba yake mkubwa, anamvutia juu kichwa kisigonge.

Akamwachia taratibu, akainama. Kisha, kwa sababu mkubwa ukimkuta amelala au amesimama ni mkubwa tu, akasema:

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba," ikaitikia sauti kutoka sakafuni.

Bibi alicheka mpaka mkongojo ukamtoka. Alipofuta machozi alimwita Kijiti.

"Mbona hukumwachia akaanguka vizuri?"

"Angegonga kichwa, Bibi."

Bibi akamtazama, kisha akamtazama mume wangu pale ukutani. "Muuza saruji atafute pengine," akasema, akainuka akaenda zake. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Mngedhani yameisha. Hebu subirini! Shemeji akainuka, akajipangusa unga, akanyoosha mkono juu.

"Ndugu zangu, mmeona tunavyojenga vijana. Nimemwangukia mtoto, nimeanguka makusudi ili apate moyo."

Katibu akapiga makofi. Wengine wakafuata, maana makofi ni kama miayo. Kufikia kesho yake mtaa mzima unasimulia wema wa mwenyekiti aliyejishusha kwa ajili ya binti wa mdogo wake. Kijiti akarudi kutoka dukani amenuna, akakaa kizingitini, mkanda wake mweupe magotini.

"Mama, kweli aliniangukia?"

Nilishashika mkasi. Naapa nilishashika mkasi, na sikuwa naenda kukata kitambaa. Mume wangu alikuwa nyuma yake na pampu mkononi. Amesikia. Akaingia ndani, nami nikamwona hana maana.

Mazoezi yaliyofuata shemeji alikuja mapema, na bitana yake kiunoni. Watoto wamejipanga, mimi niko pembeni na cherehani changu. Mume wangu akasogea mbele ya kaka yake, akainama.

"Kaka, juzi ulimwangukia mtoto vizuri sana."

"Ni ufundi tu, mdogo wangu."

"Watoto wa nyuma hawakuona. Naomba umwangukie tena."

Sindano ilinisimama. Kijiti alikwisha kupanda kwenye turubai, anaweka kola sawa. Shemeji akamtazama, akalitazama turubai, akashika kiuno.

"Leo mgongo unanisumbua kidogo."

"Pole sana, shemeji," nikamwambia. "Mgongo umeumia wapi, na wewe ulianguka kwa kupenda?"

Katibu alipatwa na haja ya kuchunguza bati. Watoto hawakucheka, wamelelewa; waliinamisha vichwa, na magunia mgongoni yakawa yanatetemeka. Kijiti ndiye hakutetemeka. Uso wake ulikunjuka wote, akasogea akamshika baba yake mkubwa mkono, bila kejeli hata chembe.

"Njoo nikufundishe kuanguka, baba mkubwa. Ukijua haiumi."

Shemeji akamgeukia mdogo wake amwokoe, kama anavyookolewa na "Ndiyo, Kaka" miaka yote. Mume wangu akamtazama miguuni.

"Vua viatu, Kaka," akasema.