Shavu la Vespa ya Mzee Mikidadi

Vespa ilikaa bandani, uani kwa Bi Mardhiya, imefunikwa turubai, ubavu mmoja umeegemea ukuta, na kuku waliizoea hata wakawa wanatagia chini yake. Ilikuwa ya marehemu mumewe, Mzee Mikidadi. Kwa Vespa hiyo alikuwa akimpakia mkewe, mkunga wa kuitwa saa yoyote, wakaenda kuzalisha Zinga, Mlingotini, mpaka mashambani Makurunge, iwe mvua iwe jua. Halafu siku moja mzee akaisukuma bandani, akaifunika, akasema imechoka. Hakuiwasha tena mpaka Mungu alipomchukua. Imechoka nini, hakusema. Bi Mardhiya aliuliza na kuuliza, hata akaona anamuudhi, akanyamaza. Lakini swali halikumtoka.

Mwaka huu mwanawe Twalha, anayekaa Dar, akataka kulivunja lile banda amjengee mama chumba chenye choo cha ndani. Vespa, akasema, iende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mama akakataa. Wakavutana kwenye simu siku kadhaa, mwisho Twalha akacheka.

"Basi tuagane hivi, mama. Siku ya kuvunja jungu nakuja na gari. Nikiikuta inawaka, na iko vilevile alivyoiacha baba, naijengea kibanda chake. Nikiona umeivisha vipande vya Kichina, napakia."

"Vilevile alivyoiacha," mama akasema.

"Vilevile."

Mwezi wa Shaabani ulikuwa ndiyo kwanza umeandama, na jungu huvunjwa Shaabani ikiishia, watu wakila na kunywa kabla ya mfungo. Kwa hiyo Bi Mardhiya alijifunga kibwebwe asubuhi ileile, akaenda Zinga kumtafuta fundi Mbaruku. Huyu hutengeneza bodaboda, ila ufundi aliupatia Unguja kwenye Vespa, na mpaka leo akiiona moja barabarani huacha alilonalo akaitazama mpaka ipotee.

Mbaruku alipofunua turubai alipiga mluzi. Kilichobaki kilikuwa mifupa. Mzee alipofariki, nguo zake na vitu vyake viligawiwa ndugu kama ada, na kwa kuwa Vespa haikuwa ya kupanda tena, kila mtu alitoka na kipande cha kumkumbuka. Bi Mardhiya alikuwa ndani amekaa eda, hakujua nani kachukua nini. Sasa ikabidi azunguke. Kiti alikikuta Mlingotini kwa shemeji yake, anakikalia akishona nyavu. Taa ya mbele ilikuwa kwa wifi yake Habiba, imekuwa ya kutilia shanga na vifungo. Habiba aliitoa, lakini kwanza alitaka kuelezwa mara tatu kwamba wifi yake hakurukwa na akili.

Mbaruku naye alishinda chini pale bandani. Kabureta aliifungua, akailoweka kwenye petroli, kitundu chake kilichoziba akakizibua kwa unyoya aliouokota palepale chini ya kuku. Alisugua, akapaka grisi, na kila alichofungua alikitazama kwa kukigeuzageuza. Siku ya tatu akamwita bibi.

"Mama, mzee alisema imechoka?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi alikusudia kingine. Hii injini haina ugonjwa. Mashine iliyoharibika huacha alama, na humu hamna. Hii haikufa, mama. Iliachwa."

Bi Mardhiya alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaitazama. Mtu ataachaje kitu kizima anachokipenda hivi? Aliwaza mambo mengi pale, mengine ya kumtia aibu. Labda alichoka kumpakia yeye.

Kila kitu kikarudi mahali pake isipokuwa kimoja, shavu la kushoto, lile bati la mviringo lililovimba kama mgongo wa kasa. Ndilo lililokuwa upande wa ukutani, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kusema lilitoka lini. Ndugu wote waliapa hawalijui. Mbaruku akasema Unguja anaweza kupata jingine la rangi ileile ya samawati. Bi Mardhiya akamkumbusha neno la Twalha. Shavu la Vespa nyingine si lile aliloliacha mzee. Na siku zilikuwa zinayoyoma.

Ndipo alipokata shauri. Alikwenda kwa shekhe wa mtaa, akaomba isomwe halbadiri. Shekhe hakupenda, maana kisomo hicho kikishasomwa humfuata mwizi popote alipo, na hakirudishwi. Akamsihi watu waonywe kwanza. Ijumaa baada ya sala ikatangazwa kwamba mwenye shavu la Vespa ya marehemu Mikidadi alirejeshe kabla ya Alhamisi, la sivyo asilaumu mtu.

Jumamosi asubuhi, Adamu mkaanga samaki alisimama mlangoni kwa Bi Mardhiya na kitu kimefungwa kwenye kanga. Adamu huyu ndiye kiongozi wa vijana wanaopita mitaani Ramadhani kuamsha watu wale daku. Bi Mardhiya alimpokea kwa mikono yake alipozaliwa, na alimjua kwa maneno mengi. Leo shikamoo yake ilitoka kama ya mgonjwa.

"Bibi, ninalo mimi. Lakini sikuiba. Nakuomba usinisomee."

"Nani kakupa?"

"Babu. Babu mwenyewe."

Akafungua kanga. Lilikuwa limepondekapondeka kama sufuria ya hotelini, samawati imebaki kingoni tu. Bi Mardhiya akamvuta ndani, akamkalisha, akamwambia aseme yote.

Adamu akasema kwamba Ramadhani moja babu aliwaita barazani akalalamika kuwa debe lao halisikiki. Wao wakashangaa, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unawagombeza kwa kelele. Babu akasema mwaka ule daku limempita, na nyumbani kwake tangu aoe yeye ndiye mwamshaji. Akaingia bandani, akalifungua shavu, akawapa. Wakifika dirishani kwake wazidishe. Na wasimwambie bibi.

"Kwa nini asitake nijue?"

Adamu akainamisha kichwa. "Alisema kuna siku lori lilimpigia honi njia ya Zinga, na wewe uko nyuma, asilisikie mpaka limempita. Ndiyo akaacha kuendesha. Alisema ukijua masikio yamekufa, utakumbuka siku ile na hutalala."

Bi Mardhiya aliikumbuka. Aliisikia honi, akampiga mgongoni, mzee akayumba mpaka kwenye nyasi. Alimgombeza njia nzima na mzee hakugeuka hata mara moja. Alidhani amenuna. Nyumbani hakuwahi kushuku, kwa kuwa yeye ana sauti ya mkunga, iliyozoea kushinda vilio vya wazazi. Sauti hiyo ilimfikia hata kiziwi.

Akanyoosha mkono, akaligonga bati kwa kifundo cha kidole. Aliujua mlio ule. Miaka yote hii ya ujane alikuwa akiamshwa nao, akigeuka kitandani na kulisifu debe la kina Adamu.

Adamu akaulizia halbadiri, kwa sauti ndogo.

"Ingemwendea nani, mwanangu? Aliyelifungua yuko kaburini." Akalifunga tena kwenye kanga, akamrudishia. "Chukua. Kachelewe kuamsha watu mwaka huu, uone nitakavyokufanya."

Siku ya kuvunja jungu Twalha akaja na gari kweli. Alizunguka Vespa mikono nyuma kama mkaguzi, akagusa kiti, akagusa taa. Mbaruku akapiga kiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikaitika, moshi ukawatawanya kuku. Twalha akatabasamu, halafu akaona pengo la kushoto.

"Hapa imepungua, mama."

"Haijapungua. Baba yako aliiacha hivyo." Akamhadithia.

Twalha alisikiliza mpaka mwisho, akamwomba arudie pale penye lori. Baadaye alikwenda kufunga mlango wa nyuma wa gari lake, tupu kama lilivyokuja, akamwambia mama apande nyuma ya Vespa, waende wakanunue samaki.

Walipofika njia pana, Bi Mardhiya akainamia bega la mwanawe. Sauti ya mkunga hakuitumia. Alisema polepole, kama mtu asemaye na nafsi yake, "Nguru au changu?"

Twalha akageuza kichwa. "Changu, mama."

"Haya," akasema. "Tazama mbele."