Mpini wa Orvel na Nukta Nyekundu

Ieleweke tangu mwanzo, asije mtu akamsingizia, kwamba Bi Odessa Stidham hakuwa muuaji. Katika miaka yote aliyobeba bastola ndani ya mkoba, kati ya pipi za mnanaa na miwani ya kusomea, viumbe pekee aliowahi kuwadhuru ni makopo ya maharagwe, na hayo nayo yalikuwa yameshaliwa. Lakini bondeni kwao, huko kwenye milima ya Kentucky, mjane anayekaa peke yake mwisho wa barabara ya changarawe hubeba bastola kama wengine wanavyobeba mwavuli. Si kwamba anaitamani mvua.

Msiba ulianzia kwenye uwanja wa shabaha, mbele ya kina mama wenzake wa kanisa. Bi Odessa alinyoosha mikono, akafumba jicho moja, akaitafuta ile ncha ndogo ya chuma iliyo mwisho wa mtutu. Haikuwepo. Ilikuwa imeyeyuka kama sukari kwenye chai. Akafyatua kwa imani. Risasi ikaenda kutoboa katikati ya karatasi ya shabaha ya mke wa mchungaji, ambaye alipewa alama asizozitolea jasho, akazipokea zote kwa unyenyekevu mkubwa.

"Macho yamekwisha, dada," alisema Lurleen, mdogo wake, walipokuwa wakirudi nyumbani. "Ama utie leza, taa ya kulengea, ama hiyo bastola uifungie kabatini ukanunue mbwa."

"Mbwa anakula."

"Wewe nawe unakula, na hatujakutupa."

Bi Odessa hakuiogopa leza. Aliogopea mpini. Bastola ile ndogo ya risasi tano alipewa na marehemu mumewe, Orvel, siku ndoa yao ilipotimiza miaka thelathini. Mpini wake Orvel aliuchonga mwenyewe, kwa mbao ya mjozi ulioangushwa na radi nyuma ya nyumba, akaupiga msasa kwenye banda majira yote ya baridi huku akidai anatengeneza mtego wa sungura. Tangu azikwe, vitu vyake vilikuwa vimeondoka kimoja kimoja. Lori lilichukuliwa na mpwa, nyavu zikaliwa na panya, na harufu ya tumbaku yake ikahama sebuleni bila kuaga. Vilibaki koti moja mlangoni, na mpini. Ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa, na kila alipoingiza mkono mkobani Bi Odessa alikuwa kama anayeshikana mkono na mtu. Alikuwa amejiapiza: mpini hautoki kwenye bastola ile mpaka yeye atoke kwenye dunia hii.

Ndivyo walivyofika dukani kwa Royce, muuza bunduki na chambo cha samaki, mmoja na kiapo chake, mwingine na mdomo wake.

Bi Odessa aliifungua bastola, akaiweka kwenye kaunta ikiwa wazi ili ionekane haina kitu. Royce akatazama tundu zote tano. Lurleen naye akatazama. Ibada hiyo ilipokamilika, Royce alitandika kitambaa cheusi na kupanga leza zake juu yake, taratibu, kama mtu wa mazishi anayeonyesha wafiwa bei za majeneza.

"Hii hapa, Bi Odessa, hufungwa chini ya mtutu, lakini bastola yako haina reli ya kuishikia. Ni ya vijana."

"Kumbe hata bastola zina uzee," alisema Lurleen.

"Hii nyingine inabana mbele ya kifyatulio. Ina kitufe chake, ukumbuke kukibonyeza. Na ala ya bastola uliyonayo haitaitosha, utanunua nyingine. Sasa hii..." Royce akashusha sauti. "Hii ndiyo yako. Taa imo ndani ya mpini wenyewe. Ukishika tu, kidole cha kati kinabonyeza, inawaka. Hakuna cha kukumbuka. Mtu akikuvunjia mlango huna hata muda wa kukumbuka jina lako."

"Na mpini wangu?"

Royce alijikuna sikio. "Unatoka."

"Basi na hiyo itoke. Irudishe sandukuni. Nifungie ile ya kubana."

Royce akaifunga bila ubishi. Kwenye ukuta wa nyuma, uliojazwa magunia ya mchanga, kilining'inia kichwa cha kulungu aliyeuawa mara moja msituni na mara elfu dukani. "Mlenge puani," Royce alisema.

Bi Odessa alitafuta kitufe kwa kidole gumba, akakikosa, akakitafuta tena, akamulika dari, kisha kalenda, kisha mkebe wa kahawa. Hatimaye nukta nyekundu ya leza ikamfikia kulungu. Haikutulia. Ilipanda pembeni, ikashuka shavuni, ikarukia sikio, ikarudi kwenye pembe.

"Kulungu ana surua!" Lurleen alipiga kelele. "Dada, unamlenga au unamtia viungo?"

"Funga bakuli lako."

Lakini moyo wa Bi Odessa ulikuwa umeshuka. Ile ncha ya chuma ilikuwa rafiki mstaarabu. Ilijua kwamba mkono unatetemeka, na haikumwambia mtu. Leza ni mmbea. Inaandika ukutani kila kitu, kwa wino mwekundu, mbele ya mdogo wako.

Hata hivyo hakushusha mkono. Nukta ile iliyokuwa ikihangaika ukutani ilikuwa imemkumbusha nyingine. Katika shule ya bweni ya misheni, wasichana ng'ambo hii ya kijito na wavulana ng'ambo ile, yeye na Lurleen walikuwa na kipande cha kioo kilichovunjika. Wakati wa sala ya asubuhi walikinga jua dirishani na kulielekeza kwenye kisogo cha mlezi wa bweni, Bi Pettigrew, mpaka siku moja mama wa watu akageuka, akaona mwanga ukipepea kwenye Biblia yake, akalia kwa furaha na kusamehe bweni zima adhabu ya wiki. Hakuna mwanafunzi aliyeona sababu ya kumsahihisha. Na jioni moja, walipokuwa wakianua nguo, nukta nyingine ilitokea ng'ambo ya kijito. Ikatua kwenye shuka jeupe alilokuwa ameshika Odessa. Ikatetemeka, ikapotea, ikarudi. Mvulana mrefu, masikio kama mikono ya kikombe, alikuwa juu ya paa la zizi akihangaika na kioo chake. Orvel alikuja kukiri baadaye kwamba alikuwa akimlenga usoni, na kwamba ilimchukua wiki mbili kumpata.

"Dada? Umelala?"

"Namlenga."

Royce alitoa chini ya kaunta bastola ya maonyesho, pacha wa ile ya Bi Odessa, tupu, yenye mpini wa leza. "Shika hii tu. Kushika si kununua."

Aliishika. Nukta ikawaka yenyewe. Ikaenda kwenye pua ya kulungu na kukaa hapo, ikitikisika kidogo tu, kama mtu anayepumua.

Lurleen akakaza macho kuitafuta ile surua, asiione.

"Hii yako ni nyepesi," Bi Odessa alisema haraka.

"Zimetoka kiwanda kimoja, uzito mmoja."

Bi Odessa akachukua ya kwake kwa mkono wa kulia, safari hii akiutazama mkono badala ya ukuta. Mpini wa mjozi ulijaa kiganja mpaka pomoni. Kidole chake kilifika kwenye kifyatulio kwa ncha tu, na ili kifike ilimlazimu kupinda kifundo chote. Halafu pale ubavuni palikuwa na kishimo laini, kirefu, alichokipapasa miaka yote akidhani ni pambo. Alijaribu kukifikia kwa kidole gumba. Hakikufika. Hakikuwahi kufika.

"Lurleen," alisema polepole. "Orvel aliuchonga kwa mkono wake."

"Si ndiyo hadithi unayotusomea kila Krismasi? Kwa mkono wake mwenyewe."

"Sivyo. Kwa *kipimo* cha mkono wake."

Lurleen aliinama, akatazama kile kishimo, akaanza kutikisika mabega. "Mungu wangu. Kama zile buti za kuwindia alizokupa."

"Zilizonivuka nikiwa nimesimama."

"Na mashua ya siku yako ya kuzaliwa!"

"Mimi nisiyejua kuogelea!" Bi Odessa alipiga kaunta. "Orvel Stidham! Umenifanya nimgawie mke wa mchungaji alama zangu!"

Walicheka mpaka Royce akaenda kutafuta kazi ya kufanya upande wa chambo. Kisha Lurleen akajifuta macho na kusema kwa sauti nyingine kabisa, "Sasa angekupimaje, dada? Ilikuwa siri. Kule bandani alikuwa na mkono mmoja tu wa kupimia."

Bi Odessa aliuzungusha mpini kiganjani mara kadhaa. Miaka yote alidhani anashikana mkono na mumewe, kumbe alikuwa anavaa glovu yake.

"Royce! Lete bisibisi."

"Leza ya kijani au nyekundu, Bi Odessa? Kijani huonekana hata kwenye jua, ila hula betri kama shemeji aliyekuja kutembea."

"Nyekundu. Simtarajii mwizi kwenye jua."

Skrubu ilikuwa moja tu. Iligoma kidogo, ikalegea, na mpini ukaachana vipande viwili. Bi Odessa alivipokea mwenyewe.

Nyumbani, jua la alasiri likiwa bado dirishani, alifanya kama Royce alivyomwagiza: asimame kando ya kitanda, bastola tupu, awashe leza kwenye mstari wa kulengea mrefu kuliko yote ndani ya nyumba, auzoee. Mstari huo ulipita koridoni mpaka mlango wa mbele. Nukta ikatua mlangoni. Ikatua, kwa usahihi zaidi, kwenye kifua cha koti la Orvel la turubai, ambalo lilikuwa limening'inia kwenye msumari ule tangu alipolivua.

Alishusha bastola. "Samahani," alisema.

Akaenda kulitungua. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Akalileta chumbani, akalitundika ndani ya kabati upande ambao zamani ulikuwa wa mwenyewe, akalinyoosha kola. Kisha akachukua vile vipande viwili vya mjozi, akatia kimoja mfuko wa kulia na kingine mfuko wa kushoto, ndani kabisa, pale mikono inapokaa wakati wa baridi.

Akarudi kando ya kitanda na kunyoosha mkono. Mlango ulikuwa mtupu. Nukta ilitua juu ya kitasa, ikatulia.