Bakuli la Mwisho la Pang Rui

Hapa Shenhou nyundo ya tanuri ni yangu, na wala sikuiomba. Miaka ishirini mume wangu Pang Rui anachoma vyombo vya udongo, mimi navunja. Chombo kikitoka, nakigonga kwa kidole na kusikiliza. Kikilia vizuri, kinakwenda ikulu kwa mfalme. Kikiwa na ufa, nakivunja papo hapo, na vigae ni vyangu, navizika nyuma ya nyumba. Ukijiwekea kizima, hata cha kunywea uji, utakatwa shingo.

Pang Rui alifariki siku ya pili ya kuchoma, ameketi mbele ya moto na mkate mkononi. Hata kumaliza kula hakumaliza, mwanamume yule! Nilimzika pale pale penye vigae vyetu. Tangu hapo nikawa naomba kitu kimoja tu: bakuli lake la mwisho litoke bovu, libaki nami.

Tanuri ilipopoa, asubuhi tukaifungua. Bakuli lake liliingia na rangi ya majivu, likatoka na buluu ya alfajiri, na ndani ya buluu wekundu unatambaa, unatanda, kama bado haujaamua pa kukaa. Nikazama humo. Nikamwona anakuja kwenye ukungu, mikono imejaa udongo, ananicheka. Sijui nilisimama pale muda gani.

"Mama Pang, umelala?" Alikuwa bwana Xun, msimamizi wa ikulu. "Gonga basi, punda wananingoja."

Nikagonga. Lililia, jamani, sauti safi mpaka nikaumia.

"Lina ufa," nikasema.

Aliniangalia, akaliangalia bakuli. Akahema. "Haya. Livunje."

Nikainua nyundo. Ndipo nikasikia rangi yake ya kioo ikipoa, tiki, tiki, taratibu, kama inavyolia kwenye kila chombo kipya kwa siku kadhaa. Pang Rui alikuwa akisema vyombo vinajifunza kupumua. Nikamkasirikia. Hata leo unanitania, mzee wewe?

Mkono ukagoma.

"Nilisikia vibaya, bwana. Ni zima."

"Wewe? Miaka ishirini hujawahi kusikia vibaya."

"Leo tu."

Akalizungushia nyasi, akalitia kapuni, kapu likapakiwa mkokotenini. Nikaufuata mkokoteni hadi darajani, sikio nimelibandika kapuni kama mwendawazimu, mpaka punda wakakaza mwendo, nikawa siisikii tena ile tiki, tiki.