Mwanafunzi wa Nani

Darasa la kusoma la kila Jumatano lilikuwa la Fundi, na hakuna aliyebisha. Yeye ndiye aliyelianzisha katika ukumbi wa kanisa, enzi za kasisi aliyepita, baada ya kugundua kwamba baadhi ya kina mama waliokuwa wakiimba kwa sauti ya juu kabisa walikuwa wameshika vitabu vya nyimbo kichwa chini. Kushona ndiko kulikomlisha. Majoho ya kwaya, stola za kasisi, vitambaa vya madhabahu, vyote vilipita kwenye cherehani yake. Lakini ukimuuliza anafanya nini, hakukwambia anashona. Alikwambia, "Nafundisha watu wazima kusoma pale kanisani," kisha akanyamaza kidogo ili neno likuingie.

Katika wote aliowafundisha, hakuna aliyemtoa jasho kama Mpishi. Mama huyu alipika katika shule ya msingi iliyopakana na kanisa. Alikuwa na mwili mkubwa, mikono yenye makovu ya mafuta, na haya nyingi ajabu. Mwanzoni alizichanganya b na d mpaka akataka kuacha. Fundi akamkatia herufi hizo kwenye mabaki ya vitambaa vinene, akamwambia afumbe macho azipapase. Wakakaa hivyo wiki baada ya wiki, mmoja akipapasa, mwingine akingoja. Siku Mpishi aliposoma peke yake maandishi ya gunia la unga, alikimbia hadi kibandani kwa Fundi, aproni bado kiunoni, akasimama mlangoni akihema, asiweze hata kusema alichokuja kusema. Fundi alielewa. Siku ile alishona huku akiimba.

Ndipo mdogo wake alipokuja. Alikuwa mtangazaji wa redio katika kituo kilichofungwa, na alifika na sanduku moja na sauti yake. "Dada, nikae kidogo nijipange," alisema, na Fundi akamtandikia kitanda katika chumba cha vitambaa. Alimpenda mdogo wake, hilo lisiwe na shaka. Lakini haukupita muda mrefu kabla mume wa Fundi, mtu ambaye mezani alisema "chumvi" na "asante" tu, hajaanza kucheka hadi machozi. "Shemeji, hebu tuigizie tena yule bwana wa matangazo ya vifo." Na shemeji yake akaigiza. Fundi alikuwa akiondoa sahani, akijiuliza kama katika miaka yote ya ndoa yao yeye aliwahi kumchekesha hivyo.

Kasisi alipomsikia mgeni huyo akiongoza sala siku moja, alimwita Fundi pembeni. "Huyu ni zawadi. Akusaidie darasani." Fundi angesema nini? Angekataa, angeonekana ana roho mbaya. Akakubali, akitabasamu kwa meno tu.

Mtangazaji, kama parokia nzima ilivyokwisha kumwita, hakufundisha kama dada yake. Alisoma kwanza kwa sauti, akawa mfalme, akawa mjakazi, akawa ngamia, wanafunzi wakavunjika mbavu. Halafu akawaambia warudie wakifuatisha kwa kidole. Viti vikaanza kutotosha. Walioacha darasa wakarudi, wakaleta na jirani zao. Na Mpishi, aliyekaa siku zote mkono wa kulia wa Fundi, siku moja alihamisha kiti chake akakisogeza mbele, karibu na Mtangazaji. Alifanya hivyo bila kinyongo chochote, kama mtu anayesogea karibu na moto. Fundi alijikuta anapanga vikombe vya chai nyuma ya ukumbi. Roho ilimuuma, akajikaza.

Ikaja habari kwamba askofu angekuja kutoa kipaimara na kuubariki ukumbi, ambao waumini walikuwa wameujenga upya kwa mikono yao. Kasisi akapendekeza mmoja wa wanafunzi wa darasa asome somo la kwanza, na kila kidole kikamwelekea Mpishi. Jioni ileile alikuja kibandani.

"Mwalimu, nina ombi," alisema, akikunjakunja pindo la khanga yake.

"Sema tu, mama."

"Naogopa kusimama pale peke yangu. Nataka mtu asimame pembeni yangu."

Fundi aliweka mkasi chini. Tayari alikwisha kuchagua moyoni gauni atakalovaa.

"Mdogo wako," Mpishi akaendelea. "Naona haya kumwomba mwenyewe. Yeye ni mtu mkubwa, amezoea redio. Nikasema wewe ukimwambia hatakataa."

Fundi akasema atamwambia. Akamwambia kweli, wakati wa chakula, kwa maneno machache, na Mtangazaji akafurahi mpaka akamkumbatia. Kumbatio lile Fundi alilipokea kama mzigo.

Somo lilikuwa ile habari ya mjane na unga wake usiokwisha, na hakuna somo ambalo lingemfaa mpishi wa shule zaidi ya hilo. Kila jioni wawili hao walikaa barazani kwa Fundi wakifanya mazoezi. Mtangazaji alisoma, Mpishi akarudia, mpaka maneno yakamkaa kichwani kama wimbo. Fundi aliwasikia akiwa jikoni. Alisikia pia Mpishi akisema "mwalimu", akainua kichwa kuitika, kumbe hakuitwa yeye.

Ilibaki kidogo tu ifike Jumapili yenyewe alipopeleka joho la kasisi alilolipunguza urefu. Kasisi alimpokea mlangoni mwa chumba cha mavazi. "Afadhali umekuja. Askofu amebadilisha somo. Kwa sababu ya ukumbi, anataka ile habari ya watu waliojenga ukuta wa mji, kila mmoja kipande chake. Ina majina magumu, kwa hiyo mwambie mdogo wako amwandae Mpishi mapema."

"Nitamwambia," Fundi akajibu, na alipolisema hilo alikuwa na nia hiyo kweli.

Alifika nyumbani akawakuta barazani, vichwa vyao vimeinamia Biblia moja. Mpishi alikuwa akicheka, mkono wake mkubwa uko begani mwa Mtangazaji. Hakuna aliyeinua macho. Fundi akapita, akaingia jikoni, akaloweka maharage. Nitawaambia wakimaliza, akajisemea. Walipomaliza, Mpishi akaaga kwa haraka. Nitamwambia mdogo wangu tukila. Wakala, mume wake akacheka vichekesho vya shemeji yake, Fundi akameza neno pamoja na tonge. Kesho yake alikuwa na kola ya kumalizia. Na kila alipoliahirisha, lilimwia rahisi zaidi kuliahirisha tena, mpaka akawa hajiambii kwamba atasema, wala kwamba hatasema.

Siku yenyewe kanisa lilijaa hadi nje. Mpishi alisogea kwenye meza ya masomo akiwa amevaa nguo nyeupe, Mtangazaji nyuma ya bega lake. Biblia ilikuwa imefunguliwa mahali pake. Mpishi akaweka kidole kwenye ukurasa, akavuta pumzi, akaanza kwa sauti nzuri ya kupanda na kushuka: mjane, unga, kuni mbili za kupikia. Askofu akageuka. Kasisi akanyanyuka nusu kitini. Kidole cha Mpishi kikasimama, kwa kuwa chini yake hapakuwa na mjane wala unga.

Mtangazaji akainama, akaona, uso ukamshuka. Akamnong'oneza Mpishi kitu, akanyoosha mkono aichukue Biblia asome yeye. Mpishi akatikisa kichwa. Akawatazama watu.

"Naomba mnisubiri," akasema.

Akaanza upya. Hii haikuwa tena sauti ya redio. Alisoma silabi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Fulani, mwana wa fulani, alijenga kipande hiki. Aliyemfuata akajenga kile. Majina yalikuwa marefu, mengine aliyakata vipande vitatu ndipo akayaunga. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa. Mstari mmoja ulimpotea, akaurudia. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Kwenye benchi lake, midomo ya Fundi ilikuwa ikicheza yenyewe, ba, da, bu, du, ikimsukuma yule mama mbele. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Na chini ya aibu hiyo, Mungu amsamehe, kulikuwa na furaha ndogo ya kijicho: silabi hizo ni zangu, hizo nilimpa mimi.

Mpishi alipofika mwisho, itikio la watu lilitetemesha mabati.

Wakati wa chai askofu alimshika Mtangazaji mkono kwa mikono yake yote miwili. "Umemfundisha vyema," alisema. Mtangazaji akajaribu kumweleza, lakini askofu alikwisha kuvutwa kwa watu wengine. Fundi aliona yote hayo akiwa na birika mkononi. Ndipo kasisi akamjia. "Fundi, kwani hukuwaambia?"

"Nilisahau."

Mdogo wake alikuwa amesimama hapo nyuma. Alimfuata hadi jiko la ukumbi, akafunga mlango.

"Dada, wewe hujawahi kusahau kitu. Unakumbuka vipimo vya kiuno vya parokia nzima."

Fundi akawa anasuuza kikombe kilekile.

"Ulitaka aaibike nani? Yeye au mimi?"

"Wewe," Fundi akasema. "Yeye sikumfikiria kabisa."

Hilo lilikuwa baya kuliko uongo, na wote wawili walilijua. Mtangazaji akakaa juu ya kreti la soda.

"Kazi imenifia. Nyumba sina. Nalala katikati ya vitambaa vyako, nakula chakula chako. Kitu gani changu kinakutia wivu?"

"Anakuita mwalimu."

Mtangazaji akainuka kutoka kwenye kreti. "Sitamwambia," alisema. "Ukitaka ajue, utamwambia wewe."

Kesho yake Fundi alikwenda katika jiko la shule. Mpishi alikuwa akisonga kwenye sufuria kubwa, mvuke umemfunika uso, akafurahi kumwona. Fundi akasema alichokuja kusema, bila kujitetea. Mwiko haukusimama hata mara moja.

"Mimi nilidhani nimekosea mimi," Mpishi alisema. "Sikulala. Nikaona nimekariri sura isiyo sahihi kwa sababu ya ujinga wangu." Akasonga. "Ulijua nitasimama mbele ya watu wote wale?"

"Nilijua."

"Nenda, mwalimu. Chakula kitaungua."

Fundi alimweleza kasisi pia, akaomba aachie darasa. Kasisi hakumhubiria. Alimwambia Mtangazaji ataliendesha kwa muda, na yeye ajiunge na wanaowatembelea wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani, kwa kuwa kuna nyumba hazijafikiwa tangu mvua za mwanzo. Jumatano zilikuwa ngumu. Alipita nje ya ukumbi na kapu lake, akasikia vicheko, na wivu ukamng'ata palepale ulipozoea. Alitembea nao hivyohivyo.

Nyumba mojawapo ilikuwa ya Mpishi, alikoishi mama mkwe wake aliyepooza miguu na kupoteza nuru ya macho. Mara ya kwanza Mpishi alifungua mlango, akamtazama, akampisha bila salamu. Fundi akasoma zaburi, akasali, akaondoka. Mara ya pili akaletewa maji. Alirudi tena na tena, na Mpishi akawa anakaa mlangoni akichambua mchele, akisikiliza.

Ikafika siku koo lilimkauka Fundi kwa mafua, sauti ikakwama katikati ya mstari. Mpishi akaweka ungo chini, akaja, akachukua Biblia mikononi mwake bila neno, akaendelea pale alipoachia. Alisoma taratibu, lakini hakusimama popote. Mama mkwe alinyanyua kichwa kutoka kwenye mto.

"Kumbe ni wewe, mkwe wangu? Nani kakufundisha?"

Mpishi alitafuta ukurasa unaofuata. "Hawa ndugu wawili wa kanisani," alisema. "Huyu alianza."

Fundi angependa aseme jina moja tu. Bado angependa hivyo, hakujidanganya. Akapenga kamasi, akasogeza kigoda kuupisha mwanga wa dirishani, na Mpishi akaendelea kusoma.