Viti vya Maimuna

Bi Kijakazi alirudi kutoka shambani, jembe begani, akakuta nyumba yake imetajirika.

Asubuhi alikuwa ameacha mkeka mmoja uliochakaa na ndoo ya maji. Sasa palikuwa na viti vya Maimuna, jirani wa ua kwa ua, vimevalishwa vitambaa vya kufuma. Palikuwa na meza, chupa ya chai yenye maua, na redio ya Bakari fundi cherehani. Maimuna mwenyewe alisimama katikati, jasho linamtiririka, uso umejaa raha.

"Mgeni wako yuko kwa mwenyekiti, anakuja sasa hivi," alisema. "Tumekusitiri, mwenzangu. Mtu atoke Lindi mjini aje akae chini?"

Ndivyo tulivyo watu wa Rutamba: mgeni akibisha kwako, nusu ya mtaa inahamisha vyombo ili usiaibike. Hakuna anayefundishwa, tunazaliwa nao uungwana huo. Lakini mgeni wa leo hakuja kula wali. Alikuja kupima umaskini, na kwa wale waliomtuma umaskini ni vitu: una kiti au huna, una redio au huna. Ukionekana navyo unaondolewa kwenye mradi wa kusaidia kaya maskini, na kadi ya matibabu nayo inakwenda.

Kadi hiyo ndiyo iliyoshika roho ya Fauzia, mjukuu wake. Mtoto ana selimundu. Akikosa dawa za kliniki, maumivu humwingia mifupani mpaka anashindwa hata kulia. Mama yake alizikwa kwa ugonjwa huohuo, na Kijakazi hakuwa na moyo wa kuzika tena.

"Toeni!" Kijakazi alitupa jembe chini. "Toeni vyote, Maimuna, mtaniulia mtoto!"

Maimuna alimkodolea macho, hajaelewa. Hapohapo hodi ikabishwa.

Mgeni, mdadisi wa mradi, alikuwa binti mpole, jina lake Getrude. "Shikamoo, bibi." Akaitikiwa marahaba, akaketi kwenye kiti cha vitambaa, kishikwambi mapajani. Macho yake yalizunguka chumba taratibu: meza, akabonyeza, redio, akabonyeza. Kijakazi alimwahi kabla kidole hakijashuka tena.

"Vya kuazima, mwanangu. Wallahi si vyangu."

Getrude alishusha pumzi. "Bibi, tangu asubuhi kila nyumba ninayoingia vitu ni vya kuazima."

Hapo Kijakazi alitoka mbio hadi uani akapiga ukelele, ule wa msiba. "Jamani, njooni mchukue vitu vyenu!"

Wakaja. Bakari alibeba redio yake, mwingine chupa, mwingine meza. Hakuna aliyenuna, ila hakuna aliyemtazama usoni pia. Getrude ilibidi asimame, maana Maimuna alikuwa anangoja kiti alichokalia. Mkeka ukarudishwa mahali pake. Getrude alifuta alichojaza, na Kijakazi akadhani amepona.

"Limebaki swali moja, bibi. Ukipatwa na shida, una watu wa kukimbilia?"

Hofu iliyomshika sasa ilizidi ile ya kwanza. Majirani walikuwa bado mlangoni na mizigo yao, wote wamesikia. Akisema ninao, atahesabiwa kuwa ana uwezo. Akisema sina? Kwao fukara si asiye na kiti. Fukara ni asiye na mtu, yule ambaye hata maiti yake itakosa wa kuiosha, na neno hilo halitamkwi ovyo, lisije likapokelewa kama dua. Aliinama, akanyoosha pembe ya mkeka.

"Hana mtu," alisema Maimuna, kiti kichwani. "Andika, mwanangu. Hana hata mmoja."

"Hana," Bakari akadakia.

"Hana," wakaitikia waliobaki, macho chini, kama watu walio makaburini.

Getrude aliwatazama mmoja mmoja, kwa muda. Kisha akabonyeza. "Haya. Hana."

Kadi ilibaki. Jioni Fauzia aliomba uji, na Kijakazi akachukua kigae kwenda kupalia moto kwa Maimuna, kama siku zote. Alipofika kwenye upenyo wa ua, miguu ikagoma. Neno lile wamelitamka wote, kwa vinywa vyao. Je, kama limeshapokelewa? Alisimama hapo, mtu mzima na kigae chake, anaogopa ua wa makuti.

"We Kijakazi!" sauti ya Maimuna ilivuma kutoka upande wa pili. "Makaa yananizimikia huku. Leo huji kupalia moto?"

"Nakuja," alijibu, lakini kilio kilikuwa kimemshika, na Maimuna ndiye aliyevuka ua, makaa kwenye kigae mkononi.