Aliyefungua Faili

Zamani masjala ya afya ya wilaya ilikuwa na kitabu kikubwa cha jalada la buluu. Ukitaka faili ya mtu, unaandika jina lako, saa na sababu, huku karani mkuu, Bi Masjala kama walivyomwita, akikutazama juu ya miwani mpaka unajiona mwizi. Miaka ishirini na mbili alikilinda kitabu kile kama mboni ya jicho.

Kompyuta zilipoletwa, kitabu kikatupwa stoo. Kila karani alitakiwa awe na neno lake la siri, lakini fundi wa makao makuu alimfungulia Bi Masjala peke yake, akasema wengine atarudi kuwafungulia. Arudi wapi! Foleni imefika barabarani, watu wanafoka, sasa ufanyeje? Bi Masjala akaliandika neno lake kwenye kikaratasi, akakibandika chini ya kibodi. Mwaka wa tatu huo, kikaratasi kipo. Hata ilipokuja sheria ya kulinda taarifa za watu, walitia saini fomu bila kuisoma, wakaendelea na kazi.

Kisha mdogo wake akaja, mtoto mgongoni, mdomo umevimba. Alikuwa amemkimbia mumewe.

"Dada, nimehama. Nataka mtoto apate kliniki huko, ila yule asijue niliko."

"Apitie kwangu mimi? Thubutu!"

Akamwandikisha mwenyewe, mtaa na namba ya nyumba, akabonyeza palipoandikwa SIRI, ili faili ifunguke kwa neno lake tu. Kazini hakumwambia mtu. Hakutaka mambo ya kwao yawe gumzo la wakati wa chai.

Jumatatu moja aliomba ruhusa ampeleke mama yao hospitali. Asubuhi hiyohiyo mume wa mdogo wake akaingia masjala akicheka. Makarani wote walimjua, shemeji yao wa utani.

"Bi Masjala kasema mnipe anwani ya mke wangu. Nampelekea mtoto dawa."

Karani wa dirisha la pili akainua kibodi, akasoma kikaratasi, akafungua. "Haya shemeji, na soda yetu usisahau!"

Alhamisi walimzika mdogo wake.

Karani yule alikuja msibani, akajitupa miguuni kwa Bi Masjala, akalia, akaeleza yote. Bi Masjala akamshika mabega, akamwinua. Maskini, angemlaumu kwa lipi? Kikaratasi kilikuwa na mwandiko wake mwenyewe.

Baada ya matanga mpelelezi akafika nyumbani na karatasi iliyotoka kwenye kompyuta: siku, saa, na jina la aliyefungua faili. Jina lilikuwa moja tu, la Bi Masjala.

Mama yao aliitaka ile karatasi, akaisogeza karibu na macho. "Uongo huu," akasema. "Saa hiyo mwanangu alikuwa na mimi hospitali, kanishika mkono." Akamgeukia Bi Masjala. "Waambie basi. Nani alimwonyesha yule muuaji nyumba ya mdogo wako?"

Bi Masjala alivua miwani, akaiweka mapajani.

"Ni mimi, mama."